Kabla Hujatuma Picha ya Mulongo

Kijana akiniambia anataka kuingia shindano la picha, neno lake la pili huwa kamera: hana, au anayo simu tu, na simu yenyewe kioo cha lenzi kimekwaruzika. Namsikiliza, lakini wasiwasi wangu uko kwingine. Picha nyingi za vijana haziangushwi na kamera. Zinaangushwa na masharti ambayo mtumaji hakuyasoma, na faili iliyopungua njiani, na maelezo ya mstari mmoja yasiyosema lolote, na mtu aliyepigwa picha bila kuulizwa. Mambo haya yote yamo ndani ya uwezo wa kijana wa Mulongo, hapa ukingoni mwa mto Lualaba mkoani Haut-Lomami, hata kama simu anayotumia ni ya kuazima kwa kaka yake. Kwa hiyo hapa nitasema machache juu ya kubonyeza kitufe, na mengi juu ya yale yanayotangulia na yanayofuata.

Anza na masharti. Tangazo likifika Mulongo mara nyingi limeshapita simu za watu wengi, na kinachokufikia ni picha ya skrini iliyokatwa chini, pale hasa palipoandikwa mambo ya maana. Usitegemee kipande hicho. Mwombe ndugu aliyeko Kamina au Lubumbashi, penye mtandao wa kueleweka, afungue ukurasa wa waandaaji wenyewe, anakili masharti yote na kukutumia kama maandishi. Yakiwa katika Kifaransa kizito cha kisheria, kaa na mwalimu wako jioni moja muyapitie kifungu kwa kifungu.

Tafuteni kwanza umri. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la London, linawagawa vijana katika makundi 3: miaka 10 na chini, 11 hadi 14, na 15 hadi 17, na wote hao hawatozwi ada. Kitengo cha vijana cha Sony World Photography Awards hufika hadi miaka 19, nacho ni bure. Angalieni pia umri unahesabiwa siku gani, kwa sababu anayetimiza miaka 18 katikati ya mwaka anaweza kuwa ndani ya shindano moja na nje ya jingine. Kuna familia ambazo tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ni moja kwenye kadi ya ubatizo na nyingine kwenye karatasi za shule. Andika ile iliyo kwenye hati utakayoweza kuionyesha ukishinda, na uitumie hiyohiyo kila mahali. Kama hujafikisha miaka 18, sahihi ya mzazi au mlezi itatakiwa. Itafute mapema, maana baba anaweza kuwa kambini kwa wavuvi siku ya mwisho.

Halafu pesa. Ukipigiwa simu kwamba umeshinda, ila utume kwanza dola kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money za kufungua dosie, huo ni wizi, hata kama anayeongea ana Kifaransa kizuri na anataja jina lako kamili. Mashindano mengine ya watu wazima hutoza ada ya kushiriki, na ada hiyo huandikwa wazi tangu mwanzo kwenye masharti. Pesa inayodaiwa baada ya ushindi usiilipe.

Sehemu ya masharti ambayo vijana huiruka, nami ningetaka waisome mara mbili, ni ile inayosema shindano linataka picha ya aina gani. Yako mashindano ya habari, ambayo picha ni ushahidi, na yako ya sanaa, ambayo picha ni kazi ya kubuni. Tofauti hii imewaangusha watu wakubwa. Mwaka 2015 Giovanni Troilo wa Italia alinyang'anywa tuzo ya kwanza ya kitengo kimoja cha World Press Photo. Mfululizo wake ulihusu mji wa Charleroi nchini Ubelgiji, lakini picha mojawapo ilikuwa imepigwa Molenbeek, Brussels, na maelezo yakasema ni Charleroi. Mshindi wa Wildlife Photographer of the Year wa 2009, José Luis Rodríguez, aliondolewa Januari 2010 baada ya majaji kuona kwamba mbwa mwitu anayeruka lango katika picha yake huenda alikuwa amefugwa na kuzoezwa. Na mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani aliikataa mwenyewe tuzo ya Sony, akaeleza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili bandia na alitaka kuona kama majaji watatambua.

Sasa tazama upande wa pili. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akawakata na kuwapandikiza juu ya picha mpya za viwanda vilivyochakaa. Mfululizo huo, Mémoire, ulimpa heshima kubwa, na mwaka 2007 alituzwa kwenye maonyesho ya Bamako. Kazi hiyohiyo ingetolewa mara moja kwenye shindano la habari, ambako hairuhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu. Pamela Tulizo wa Goma alishinda tuzo ya Dior kwa vipaji chipukizi mwaka 2020 kwa mfululizo wa Double Identité, picha za wanawake wa Goma alizozipanga kwa makusudi. Hakumdanganya mtu yeyote, kwa sababu alisema wazi anachofanya na alipeleka kazi yake mahali panapokaribisha kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo ukitaka kumpanga dada yako mbele ya ukuta wa matofali amevaa kitenge cha bibi, fanya hivyo bila hofu, kisha tafuta shindano la sanaa au la sura za watu. Ukitaka kuonyesha mto ulivyofurika hadi milangoni mwa nyumba, usimwambie mtoto arudi kuvuka maji mara ya pili ili upate picha nzuri zaidi.

Kifungu cha haki kinakuja karibu na mwisho, kwa herufi ndogo. Soma waandaaji wanachukua nini. Wengine wanaomba ruhusa ya kutumia picha kutangaza shindano na maonyesho yake tu, na hilo ni jambo la haki. Wengine wanajipa ruhusa ya kuitumia popote, milele, bila kukulipa, hata picha zilizoshindwa. Mimi nisingetuma picha yangu bora huko. Wiki Loves Africa, shindano lililoanza mwaka 2014, lina mpango wake ambao lazima uuelewe: picha zote zinawekwa katika hazina ya Wikimedia Commons kwa leseni huria, yaani mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia, hata kibiashara, mradi ataje jina lako. Yapo mambo ya Mulongo ambayo ningependa sana yaonekane huko, kwa sababu mwanafunzi wa mbali anayetafuta habari za Lualaba angekutana na picha iliyopigwa na mtoto wa Lualaba. Lakini ukishaitoa kwa leseni hiyo huwezi kuirudisha. Uamuzi huo ufanye kabla, tena kwa kushauriana na aliye ndani ya picha.

Hapo tumefika kwenye ruhusa, na naomba usipite upesi. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha Nsala ameketi barazani akitazama mkono na mguu uliokatwa wa binti yake mdogo, wakati wa utawala wa Mfalme Leopold na ulafi wake wa mpira. Picha hiyo ilizungushwa Ulaya na Marekani ikasaidia kuuamsha ulimwengu. Ilikuwa ushahidi wa uovu, na ilistahili kuonekana. Tangu hapo, hata hivyo, sura ya Mkongo inayotafutwa nje imekuwa mara nyingi ile ya maumivu, na kijana anayeingia shindano anaweza kushawishika kwamba majaji wanataka mtoto mwenye machozi. Usimpige picha mgonjwa kitandani hospitalini, wala mama aliyefiwa, wala mtoto wa jirani aliye uchi, kwa kutafuta zawadi. Picha yako ikishinda itaonekana kwenye simu hapa Mulongo pia, na mtoto huyo atakua akiitwa kwa picha hiyo.

Kuomba ruhusa si kazi ngumu kwa mtu anayeishi hapa. Msalimie mama kwa heshima, mweleze shindano ni la nani, picha itakwenda wapi na kwamba huenda isishinde. Mwambie wazi kama zawadi ikipatikana atapata nini, na usiahidi usichoweza kutoa. Akikubali, andika kwenye daftari jina lake, siku na mahali, na akiweza aweke sahihi au kidole. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi wake, ingawa mtoto mwenyewe akikataa basi amekataa. Mashindano mengine yanadai ruhusa hizo kwa maandishi, na aliyeacha kuzichukua siku ya kupiga picha hujikuta akimtafuta mtu aliyeshahama. Kwa sherehe za kimila muone chifu au wazee kwanza. Kuhusu daraja, stesheni ya treni, askari na kambi, ushauri wangu ni mfupi: bila ruhusa ya wenye mamlaka, acha simu mfukoni. Hakuna zawadi inayostahili kukufanya ulale kwenye chumba cha polisi.

Sasa upige picha ya nini? Baluba, wazee wa huku, walikuwa na njia yao ya kuhifadhi kumbukumbu: lukasa, ubao wa mbao uliopangwa shanga, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole wakisimulia wafalme, safari na mahali. Picha zilizokuja baadaye zilipigwa zaidi na wageni. Mmisionari William Burton alifika Mwanza, nchi ya Baluba, mwaka 1915, akakaa hadi 1960, na picha alizopiga ziko mbali, nyingi Johannesburg kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ni picha zenye thamani. Ila aliyezipiga ndiye aliyechagua kilicho muhimu. Kijana wa leo mwenye simu anaweza kuchagua mwenyewe, na hiyo ni nguvu ambayo wazee wake hawakuwa nayo.

Mtumbwi wenye kivuli cheusi, jua likitua juu ya Lualaba: majaji wameiona picha hiyo kutoka kila mto wa Afrika. Wewe unayajua mambo ambayo mpita njia hayaoni. Mtazame mvuvi anayeshona wavu uliochanika. Anaketi chini miguu imenyooka, ananasa pembe ya wavu kwenye kidole gumba cha mguu na kuuvuta uwe wima, sindano ya kushonea inaingia na kutoka, na macho hayaangalii mkono kwa sababu mkono unaijua kazi. Kidole hicho kikavu chenye alama ya uzi ni picha. Mtazame mama anayegeuza samaki kwenye kichanja cha kukaushia, anavyofumba jicho moja moshi ukimjia, na anavyowapanga wadogo pembeni na wakubwa katikati penye moto mwingi. Tazama jinsi matenga ya samaki yanavyofungwa kwa safari, na kijana anayesukuma baiskeli iliyozidiwa na mzigo, kichwa chake kikiwa chini ya urefu wa mzigo wenyewe. Tazama abiria wanaosubiri boti ya Bukama siku nzima juu ya mizigo yao, kila mmoja na namna yake ya kusubiri. Rudi mahali palepale siku nyingine, kwa mwanga mwingine. Watu wakishazoea kukuona na simu yako wanaacha kusimama wima kama wako studio, na hapo ndipo kazi inaanza.

Mwanga wa huku una tabia yake. Jua la mchana liko karibu juu ya utosi, linatia vivuli vyeusi machoni na kung'arisha paji la uso. Piga mapema asubuhi au alasiri, na mchana ingia kivulini: chini ya mwembe, barazani, mlangoni mtu akitazama nje. Kwenye kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, moshi wa nyasi zinazochomwa hulainisha mwanga, na wakati mwingine hufanya kazi nzuri kuliko mtambo wowote. Simu ikiona ukuta mweupe au maji yanayometa nyuma ya mtu, itaufanya uso kuwa giza. Gusa uso kwenye skrini ili simu ipime hapo, kisha punguza au ongeza mwanga taratibu mpaka uone ngozi jinsi ilivyo, isiwe jivu wala isipotee. Usikuze kwa vidole. Songa karibu kwa miguu. Zima fulashi. Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba, kwani mafuta ya samaki yakikauka juu yake kila picha itakuwa na ukungu. Zima pia filta za kulainisha nyuso, ambazo simu nyingi huja nazo zimewashwa, maana zinafuta mikunjo ya mzee ambayo ndiyo uliyoifuata.

Baada ya hapo inakuja safari ya faili, na kwa mtu wa Mulongo hii ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Picha ya simu ya kawaida ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000. Ikichapishwa vizuri kwa maonyesho, upande mrefu unafika sentimita 34. Ukimtumia ndugu yako Kamina kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaipunguza hadi karibu pikseli 1600, na sasa uchapaji uleule unaishia sentimita 13 na nusu. Juu ya hayo, zile taarifa zilizojificha ndani ya faili, yaani tarehe, saa na aina ya simu, zinafutwa, na majaji wakizitaka kuthibitisha kwamba picha ni yako huna cha kuwaonyesha. Kwenye skrini ndogo utaona picha ni ileile. Majaji wana skrini kubwa.

Dawa ipo, haigharimu chochote. Kwenye WhatsApp usichague alama ya picha. Chagua alama ya hati, uitafute faili ndani ya simu, uitume hivyo. Itakula mega nyingi zaidi lakini itafika nzima. Mtandao ukiwa hauvumilii mzigo huo, weka faili kwenye memori kadi, uifunge kwenye kipande cha plastiki, umpe mtu unayemwamini anayesafiri. Lualaba inapitika kwa boti kutoka Bukama hadi Kongolo, zaidi ya kilomita 600, na Bukama ina reli ya kwenda Kamina. Kadi ndogo kama ukucha imesafiri hivyo kwa usalama zaidi kuliko faili inayokatika kila ikifika asilimia 80. Hesabu siku za safari, kisha ongeza wiki moja. Usimwachie ndugu yako kazi ya kuichagua picha au kuirekebisha. Mwandikie jina kamili la faili. Na picha ya asili usiifute kwenye simu mpaka matokeo yametoka, hata nafasi ikijaa kwa nyimbo. Hamisha nyimbo.

Maelezo ya picha andika wewe mwenyewe, tena siku ileile uliyopiga, kwa lugha unayoota nayo, Kiluba au Kiswahili. Kutafsiri kutakuja baadaye pamoja na mwalimu. Kijana akiandika "Maisha ya Afrika" ameitupa picha yake. Jaji aliyeko mbali hajui anachokiona: aambiwe ni nani, anafanya nini, wapi, lini, na jambo moja ambalo jicho haliwezi kulijua. Kwa mfano: mvuvi anashona wavu asubuhi ukingoni mwa Lualaba, Mulongo, mkoa wa Haut-Lomami, Julai, wavu ni wa kaka yake, nao hupokezana kuutumia wiki kwa wiki. Sentensi kama hiyo, ikiwa ni ya kweli, inaifanya picha isimame. Usiongeze huruma, usiandike "maskini", usimbadilishie mtu umri ili hadithi ikolee. Kama mtu hataki jina lake litajwe, andika kazi yake, inatosha. Na mwalimu akitafsiri mwambie asipambe. Mfasiri mwenye nia njema anaweza kukugeuzia wavu wa kuazimana kuwa wavu wa mwisho wa familia, nawe ndiye utakayeulizwa.

Idadi ya picha nayo iheshimu. Wakisema picha 1, tuma 1, usitume mbili zinazofanana ukiwaachia majaji wachague. Kuchagua ni sehemu ya kazi yako. Waonyeshe picha zako watu wawili watatu wasiokupenda sana, usiwaeleze chochote, uangalie macho yao yanatua wapi. Yakitua kwenye ndoo ya bluu pembeni badala ya uso wa mama, basi ndoo imeshinda, na wewe uchague nyingine.

Ukishatuma, hifadhi ujumbe wa kupokelewa, maana bila huo huna uhakika picha imefika. Matokeo huchukua miezi. Wakati huo usikae ukisubiri: kazi ya kituo cha Lubumbashi kiitwacho Picha, kilichoanzishwa mwaka 2008 na Baloji na wenzake, na ambacho ndicho chimbuko la Biennale ya Lubumbashi, inafaa kufuatiliwa na kijana yeyote wa Katanga ya zamani. Ukipata safari ya Lubumbashi, nenda ukaone picha zilizochapwa kubwa ukutani. Utaanza kupiga kwa namna nyingine.

Na ikitokea umechaguliwa, jibu barua siku hiyohiyo, kwa sababu waandaaji huweka muda mfupi wa kuthibitisha na wakikosa jibu huenda kwa mwingine. Watataka faili ya asili, hati ya umri na zile ruhusa za maandishi. Viwe tayari kwenye bahasha moja, na nakala zake kwa ndugu yako wa Kamina. Zawadi ikiwa pesa nawe huna akaunti, uliza kama wanaweza kulipa kwa jina la mzazi, na mzazi huyo awe ndiye aliyetia sahihi kwenye fomu. Ikiwa ni safari, omba barua ya mwaliko yenye jina lako kama lilivyo kwenye hati, herufi kwa herufi, na uanze habari za pasipoti wiki hiyohiyo.